Je, Wajua? Pensheni na Mtoza Kodi

Je, wajua kwamba siku mbili tu baada ya Krismasi ya mwaka 2024, wastaafu wa Kenya walipata zawadi ambayo wengi wao hawakuisikia? Tarehe 27 Desemba ilianza kutumika sheria ya marekebisho ya kodi yenye kifungu kifupi ajabu: pensheni anayolipwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko wake haitozwi tena kodi ya mapato. Iwe ya kila mwezi, iwe ya mkupuo. Nchi nzima ilikuwa mashambani ikichinja mbuzi, na habari ikapita juu ya vichwa vya watu.

Je, wajua mambo yalivyokuwa kabla ya hapo? Kwenye pensheni ya kila mwezi, mstaafu aliachiwa KSh 25,000 za kwanza, na kilichozidi kikaingia kwenye hesabu ya kodi. Kwenye mkupuo aliachiwa KSh 60,000 kwa kila mwaka aliotumikia, lakini hesabu iligota mwaka wa kumi. Kwa maneno mengine, aliyefanya kazi miaka 11 na aliyefanya miaka 38 walipata msamaha uleule: KSh 600,000, basi.

Chukua mtu aliyetoka na mkupuo wa KSh milioni 2 baada ya utumishi mrefu. Ondoa laki sita za msamaha. Zilizobaki, milioni 1.4, zilikatwa kwa ngazi: asilimia 10 kwa laki nne za kwanza, 15 kwa laki nne zilizofuata, 20 kwa laki nne nyingine, na 25 kwa laki mbili za mwisho. Jumla ya kodi: KSh 230,000. Mtu huyohuyo akistaafu leo kwa umri unaotakiwa halipi hata senti.

Je, wajua kwamba ulikuwapo msamaha mwingine wa zamani, wa kichekesho kidogo? Aliyefikisha miaka 65 hakutozwa kodi ya pensheni kabisa. Sasa mwalimu wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60. Kwa miaka mitano, tangu siku anaagwa kwa keki na saa ya ukutani hadi anapofika 65, pensheni yake iliyovuka kiwango ilikatwa. Halafu asubuhi moja ikaacha kukatwa. Mwenzake mwenye ulemavu, ambaye utumishi wa umma humruhusu kufanya kazi hadi 65, hakulipitia pengo hilo. Jaji naye, ambaye Katiba ya 2010 inamruhusu kukaa kwenye benchi hadi miaka 70, alikuwa salama zaidi. Ikawa aliyeondoka mapema, kwa pensheni ndogo, ndiye aliyekatwa kwa muda mrefu. Sheria ya 2024 ilizika jambo hilo, na sijaona aliyelililia.

Je, wajua kwamba serikali yoyote duniani ina nafasi tatu tu za kuitoza pensheni yako? Ya kwanza ni pesa zinapoingia kwenye mfuko, ya pili ni zinapozaa humo ndani, na ya tatu ni zinapotoka kuja mkononi mwako. Mabishano yote ya wabunge, wahasibu na vyama vya wafanyakazi, kuanzia Nairobi hadi Berlin, ni kuhusu nafasi ipi itumike na ipi iachwe. Kenya ya sasa imeziacha zote tatu, kwa masharti. Hilo ni jambo adimu.

Je, wajua kwamba nafasi ya pili ndiyo kali kuliko zote, ingawa ndiyo isiyoonekana? Shika kalamu. Weka shilingi 100 kwa miaka 30, zikizaa asilimia 10 kila mwaka bila kuguswa: utakuta 1,745. Serikali ikichukua asilimia 30 siku ya mwisho, unabaki na 1,221. Ikichukua asilimia 30 siku ya kwanza, ukaweka 70 badala ya 100, baada ya miaka 30 unakuta 1,221 vilevile. Mwanzo au mwisho ni mamoja, mradi kiwango ni kilekile. Lakini kama serikali inachukua asilimia 30 ya faida ya kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, unabaki na shilingi 761. Ni kiwango kilekile cha asilimia 30 kwenye karatasi, ila mkononi zimepungua zaidi ya shilingi 450. Kinachoumiza ni kwamba shilingi iliyochukuliwa mwaka wa pili haikubaki kuzaa ile miaka 28 mingine. Mtu akikuuliza kwa nini wataalamu wa pensheni wanagombana usiku kucha kuhusu kodi ya faida ya mfuko, mwoneshe hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba Uganda imechagua njia iliyo karibu kabisa na kinyume cha Kenya? Mfanyakazi wa Kampala huchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 10. Ile asilimia 5 haimpunguzii kodi: anatozwa kodi ya mshahara kana kwamba hakuweka akiba yoyote. Mfuko wenyewe nao hulipa kodi ya mapato yake. Ila siku ya kuchukua mafao, anachukua chote bila kukatwa. Mzee wa Uganda hana mazungumzo na mtoza kodi kuhusu akiba yake. Mazungumzo yalikwisha akiwa kijana. Kuna utulivu fulani katika hilo, nakubali, ingawa hesabu ya hapo juu inaonesha bei ya utulivu wenyewe.

Je, wajua kwamba Rwanda iliongeza mchango wa pensheni mara mbili, kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, kuanzia Januari 2025? Nusu hulipa mfanyakazi, nusu mwajiri.

Je, wajua kwamba Tanzania ugomvi mkubwa wa wastaafu umekuwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, na kodi imekaa pembeni? Kila mtumishi wa umma anayajua maneno “moja ya 580” hata kama hajui hesabu nyingine yoyote. Mwaka 2018, mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kanuni mpya zilishusha mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao. Kelele zikawa kubwa hadi Rais Magufuli akazisimamisha mwezi Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Kodi kule ni ya upole pesa zinapoingia: mchango wako hutolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo PAYE, kodi ya mshahara, ipigwe kwa kilichobaki.

Turudi Kenya, maana msamaha wa pesa zinapotoka una masharti na watu wanayakanyaga.

Je, wajua kwamba anayechukua akiba yake mapema bado anatozwa? Msamaha ni wa aliyefikia umri wa kustaafu wa mfuko wake, au aliyelazimika kutoka kwa sababu ya ugonjwa, au aliyetimiza miaka 20 tangu kusajiliwa kuwa mwanachama. Kijana aliyejiunga akiwa na miaka 25 anatimiza hiyo 20 akiwa na 45. Lakini akihama kazi akiwa na 33, akaona mwenzake amenunua gari, akaandika barua ya kuchukua chake, kodi iko palepale ilipokuwa. Waliobadilisha kazi mara tatu na kuchukua akiba mara tatu hufika 60 wakiwa wamelipa kodi mara tatu na hawana cha kulipwa pensheni. Hakuna anayewaambia hilo siku wanapojaza fomu, kwa sababu siku hiyo kila mtu ofisini ana haraka.

Je, wajua kwamba Afrika Kusini ilijaribu kulitatua tatizo hilohilo kwa kuugawa mfuko vyungu viwili? Tangu tarehe 1 Septemba 2024, theluthi moja ya mchango mpya huingia kwenye chungu unachoweza kuchota mara moja kwa mwaka, na theluthi mbili hufungwa hadi kustaafu. Watu walijaa kwenye foleni za kuchota wiki ya kwanza. Wengi hawakujua kwamba unachochota huongezwa juu ya mshahara wako wa mwaka na kutozwa kodi kwa kiwango chako cha juu kabisa, na kwamba mamlaka ya kodi kule ingeutumia mwanya huo kukata pia madeni ya zamani kabla pesa hazijafika benki. Mtu aliomba rand 30,000 akaona nusu.

Je, wajua kwamba kodi unayoepuka wakati wa kuweka akiba inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani? Kenya ilipandisha kiwango cha mchango usiotozwa kodi kutoka KSh 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kinachohesabiwa ni kiasi kidogo kati ya vitatu: ulichochanga kweli, asilimia 30 ya mshahara wako unaohesabiwa pensheni, au hizo 30,000. Mwenye mshahara wa laki moja akichanga 30,000 anapunguza PAYE yake kwa KSh 9,000 kila mwezi. Yaani katika 30,000 zinazoingia kwenye mfuko kwa jina lake, 9,000 zingekwenda kwa KRA, mamlaka ya kodi, hata hivyo. Na mchango wako wa NSSF ya Kenya uko ndani ya 30,000 hizo. Kuanzia Februari 2026 kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF ni KSh 108,000, ambacho asilimia 6 yake ni 6,480. Zinabaki 23,520 za kujaza mwenyewe kama una uwezo.

Zipo na KSh 15,000 nyingine kwa mwezi, zisizotozwa, ukiziweka kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Kifungu hicho kililetwa na sheria ileile ya Desemba 2024. Sikumbuki nikisikia mtu akikizungumzia kwenye matatu wala kwenye mkutano wa SACCO, na ni hasara, maana hospitali ndizo zinazokula pensheni za watu kuliko KRA.

Je, wajua kwamba mpokeaji wa kwanza wa pensheni ya kila mwezi ya Social Security Marekani alikuwa mama mmoja wa Vermont, Ida May Fuller? Alichangia dola 24.75 kwa jumla. Hundi yake ya kwanza, ya tarehe 31 Januari 1940, ilikuwa ya dola 22.54. Kufikia hundi ya pili alikuwa amekwisha kurudisha pesa zake. Akaishi hadi miaka 100, akapokea jumla ya dola 22,888.92, bila kukatwa kodi hata siku moja, kwa sababu Marekani ilianza kutoza kodi malipo hayo mwaka 1984, miaka tisa baada ya kifo chake.

Je, wajua kwamba kiwango kilichowekwa wakati huo hakijasogea hadi leo? Mtu asiye na mwenzi ambaye mapato yake, kwa hesabu maalumu, yanazidi dola 25,000 kwa mwaka huanza kutozwa kodi kwenye sehemu ya pensheni yake. Wanandoa ni dola 32,000. Mwaka 1984 hao walikuwa wastaafu wenye nafasi. Leo ni mlinzi mstaafu mwenye nyumba ya kupanga. Wabunge hawakuhitaji kupandisha kodi. Waliacha tu bei za sokoni zipande na kiwango kilale. Mwaka 2025 wanasiasa walitangaza kwamba wamefuta kodi ya Social Security. Hawakuifuta. Waliwapa wenye miaka 65 na zaidi punguzo la muda la dola 6,000 kwenye mapato yanayotozwa, hadi mwaka 2028, na hata hilo huyeyuka mapato yanapozidi dola 75,000.

Kodi hiyo ya Marekani inatugusa. Wakenya wengi wanazeekea Boston, Dallas na Minneapolis huku wakijenga nyumba Kiambu au Kisii. Je, wajua kwamba Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili? Mkenya aliyechangia Social Security bila kuchukua uraia, akirudi kuishi nyumbani, anaangukia kanuni ya wageni waishio nje: asilimia 85 ya pensheni yake huhesabiwa kuwa mapato, na asilimia 30 ya hiyo hukatwa kabla haijasafiri. Ni asilimia 25.5 ya kila hundi. Aliyechukua uraia hafuati kanuni hiyo. Anatozwa kama Mmarekani mwingine yeyote, ambaye kwa pensheni ndogo huenda asitozwe chochote. Watu hufikiri juu ya uraia kwa ajili ya viza na watoto. Wachache huupigia hesabu ya uzeeni.

Je, wajua kwamba Uingereza ina adhabu ya namna nyingine kwa wanaorudi Kenya, ambayo si kodi lakini inauma vilevile? Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila Aprili. Muuguzi aliyefanya kazi Leicester miaka 35 akihamia Nakuru, pensheni yake hugandishwa pale ilipokuwa siku alipoondoka, au siku ya kwanza ya kulipwa kama alishatangulia kurudi. Angehamia Marekani au Mauritius, ingeendelea kuongezwa. Mwingereza aliyehamia Malindi yuko kwenye mtego huohuo.

Wanaobaki Uingereza nao wana lao. Mapato yasiyotozwa kodi kule yamekwama kwenye pauni 12,570 kwa mwaka tangu Aprili 2021. Pensheni mpya kamili ya serikali, kuanzia Aprili 2026, ni pauni 241.30 kwa wiki, yaani 12,547.60 kwa mwaka. Pengo lililobaki halitoshi hata kumnunulia bibi na mjukuu chakula cha mchana cha hotelini. Akiwa na kapensheni kengine kokote, kodi inaanza.

Je, wajua kwamba Ujerumani, iliyoanzisha pensheni ya wazee mwaka 1889 ikiweka umri wa miaka 70, ilihitaji mahakama kuamua nani akatwe? Watumishi wa serikali walikuwa wakitozwa kodi kwenye pensheni zao karibu zote, wafanyakazi wa kawaida kidogo sana. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikasema hiyo si haki. Suluhisho likawa la polepole kwa namna ambayo sijaona kwingine: aliyestaafu mwaka 2005 au kabla yake anatozwa kwenye nusu ya pensheni yake, aliyestaafu baadaye anatozwa kwenye sehemu kubwa kidogo, na hivyohivyo hadi anayestaafu mwaka 2058 atatozwa kwenye yote. Kila rika lina asilimia yake, na kiasi cha msamaha kinachotokana nayo mtu hukibeba hadi kaburini. Majirani wawili wa mlango mmoja wanaweza kuwa na pensheni sawa na kodi tofauti kwa sababu mmoja alistaafu mwaka mmoja mapema.

Je, wajua kwamba nchi huibiana wazee? Ureno, kuanzia mwaka 2009, iliwakaribisha wastaafu wa kigeni na kuwaahidi kwamba pensheni zao hazitaguswa kwa miaka kumi. Wafini na Waswidi wakahamia jua. Finland ikakasirika hadi ikauvunja mkataba wa kodi na Ureno kuanzia 2019. Sweden ikafuata 2022. Ureno yenyewe ilishaanza kutoza asilimia 10 mwaka 2020. Italia sasa inatoza asilimia 7 tu kwa mstaafu wa kigeni anayekubali kuhamia mji mdogo wa kusini.

Je, wajua kwamba Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zinazeeka bila kuijua kodi ya mapato, itakuwa nchi ya kwanza ya Ghuba kuitoza? Amri ya Kifalme ya 2025 imeweka asilimia 5 kuanzia Januari 2028, kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka. Hiyo ni rial 3,500 kwa mwezi. Mzee wa kawaida wa Muscat anaweza kuendelea kunywa kahawa yake.

Mwisho, jambo ambalo sheria ya Desemba 2024 haikuligusa: mstaafu wa Kenya haishi kwa pensheni peke yake. Je, wajua kwamba vyumba ulivyojenga kwa kiinua mgongo vinatozwa asilimia 7.5 ya kodi ya pango, bila kutoa gharama yoyote, mradi pango linazidi KSh 288,000 kwa mwaka? Riba ya akaunti ya benki hukatwa asilimia 15, gawio la hisa asilimia 5. Hati fungani ya serikali ya miaka kumi au zaidi hukatwa asilimia 10, na ile ya miundombinu haikatwi kitu, ndiyo maana wazee wenye mshauri mzuri huikimbilia.

Ukiuza shamba, faida inatozwa asilimia 15, iliyopanda kutoka 5 mwanzoni mwa 2023. Lakini shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji halitozwi, wala nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Madalali huwa hawaitaji misamaha hiyo. Iulizie wewe kabla ya kutia sahihi.

Na je, wajua kwamba PIN, namba yako ya mlipakodi, haistaafu? Mtu ambaye pensheni yake yote imesamehewa, maadamu PIN yake iko hai na ina wajibu wa kodi ya mapato, bado anatakiwa kuwasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, hata kama ni ya sifuri. Akichelewa, faini ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo atalipa elfu mbili. Mjukuu mwenye simu anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.